UYOGA WA RWEYA: CHAKULA NA ELIMU YA WAHAYA

Utamaduni wa taifa unapozungumzwa, aghalabu fikira za watu huelekea kwenye ngoma, hadithi na mavazi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba namna watu wanavyojipatia kitoweo nayo ni sehemu ya utamaduni huo, na kwamba elimu hiyo ikipotea hairudi kwa urahisi. Uyoga wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, watufundisha jambo hili waziwazi.

Tangu kale Wahaya waliigawa ardhi yao kwa busara. Penye rutuba palikuwa na kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni liizungukalo nyumba. Nje ya vibanja ilitanda rweya, mbuga ya majani yenye udongo hafifu. Huko ng'ombe walilishwa, wanawake walilima njugu mawe, na majani yalikatwa ili kuezekea nyumba, kutandika sakafuni na kufunika udongo wa kibanja. Kwa njia ya samadi na matandazo, rutuba ya rweya ilihamia kibanjani mwaka hata mwaka. Kibanja kilichokosa rweya kilikuwa kama mtoto aliyeachishwa ziwa kabla ya wakati.

Rweya yenyewe ina historia yake. Mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt, alionyesha kwa uchunguzi wake wa miaka ya 1970 kwamba huko Katuruka na mahali pengine karibu na Ziwa Viktoria, chuma kiliyeyushwa yapata miaka 2,000 iliyopita. Makaa ya kazi hiyo yalikula miti mingi, na misitu ikapungua. Wazee walioyeyusha chuma tena katika miaka hiyo ya 1970, ili kuonyesha ufundi wa zamani, walitumia udongo wa kichuguu katika tanuri lao. Kichuguu, basi, kiliwafaa watu kwa chuma na kwa kitoweo pia.

Uyoga unaothaminiwa sana katika nchi zetu ni ule uotao penye vichuguu, ambao wataalamu huuita Termitomyces, jina lililotolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Mchwa hukusanya majani makavu na vipande vya miti, huvitafuna, kisha huvijenga viwe masega chini ya ardhi. Katika masega hayo huota kuvu, nayo huyalainisha majani magumu mpaka yawe chakula cha mchwa. Mvua zinyeshapo, kuvu hiyo husukuma shina refu likapasua ardhi, na hapo ndipo watu huuona uyoga. Ukulima huu wa mchwa umekuwako barani Afrika kwa miaka ipatayo milioni 30.

Kuokota uyoga, hasa kazi ya wanawake na watoto, kulikuwa shule isiyo na ubao. Mtoto alifuatana na mama au bibi yake, akajifunza kichuguu gani huzaa, katika mvua zipi, na uyoga upi usiguswe. Elimu hiyo ilikuwa suala la kufa na kupona. Wako wasemao kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama kwa mtu. Huo ni uongo wa hatari, maana sumu isiyomdhuru mdudu yaweza kumwua binadamu. Aliyefundishwa vema hakutegemea kanuni ya namna hiyo. Aliujua kila uyoga kwa jina lake na mahali pake.

Siku hizi rweya imepungua. Watu wameongezeka, mashamba yamepanuka, na sehemu nyingi zimepandwa mikaratusi na misonobari. Mchwa nao huhesabiwa adui, vichuguu vikabomolewa. Wataalamu wamejitahidi kuhifadhi elimu hii: mwaka 2003 kilitolewa kitabu juu ya uyoga wa Tanzania, kazi ya Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini kitabu hakiwezi kumshika mtoto mkono kumpeleka rweya.

Kumezuka pia kilimo cha uyoga nyumbani, hasa uyoga uitwao mamama. Majani makavu ya migomba, ambayo Kagera hayakosekani, hukatwakatwa, huchemshwa ili kuua vijidudu, hupoozwa na kukamuliwa maji, kisha hupakiwa mifukoni pamoja na mbegu. Mifuko hukaa gizani kwa majuma machache mpaka nyuzi nyeupe zienee, ndipo hutobolewa na kunyunyiziwa maji. Kazi hii haihitaji shamba kubwa, nayo humpatia mama wa nyumbani kitoweo na fedha.

Kilimo hicho chastahili kusifiwa. Hata hivyo mamama hutosheka na majani yaliyokufa, ilhali uyoga wa kichuguu hustawi kwa ulezi wa mchwa, na binadamu bado hajafaulu kuulima kwa kawaida kama alimavyo mamama. Mwenye kujaza mifuko nyumbani huku akibomoa vichuguu rweya amepata kimoja na kupoteza kingine. Hatuna budi, basi, kuviachia vijiji vyetu sehemu ya rweya, na kuwatuma vijana wa shule kwa wazee msimu wa mvua, waandike majina ya uyoga kwa Kihaya wakati wenye kuyajua wangali hai.