Chungu Kimoja: Safari ya Mseto na Pilau Mpaka Ainabkoi



Shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, naomba tuanzie jikoni kwetu. Nyumbani ni Ainabkoi, huku juu Uasin Gishu, nchi ya viazi, kabeji na baridi. Miaka yote ya utoto wangu, Ramadhan ikiingia mama alikuwa anaingia jikoni baada ya Adhuhuri na hatoki mpaka Magharibi. Sambusa, bajia, kaimati, chapati, mchuzi, uji, na sisi bado tunauliza, "Mama, leo hakuna juisi?" Sisi tumekaa tunakula, yeye amesimama. Ikifika Tarawehe amechoka hoi.

Mwaka mmoja, tukiwa kumi la mwisho, nilimsikia akimwambia shangazi, "Mwaka huu hata juzuu tano sijamaliza." Hakulalamika, alisema tu, akaendelea kukanda unga. Lakini maneno yale yalinichoma. Sisi watoto tulikuwa tukishindana kukhitimu, kumbe muda wetu wa kusoma ulikuwa unatoka kwake.

Basi nikajiuliza: hivi ni nani aliyetuambia kwamba futari lazima iwe vyakula saba? Nikaanza kusoma. Nilichokiona ni kwamba historia ya meza ya Waislamu, kwa sehemu kubwa, ni historia ya chungu kimoja.

MLO WALIOUPENDA WATU WA MADINA

Waarabu wa zama za Mtume (S.A.W.) walikuwa na chakula kinachoitwa tharid. Si kitu kigumu. Mkate unamegwa vipande, unamwagiwa mchuzi wa nyama moto, watu wanazunguka sahani moja wanakula. Chakula hiki kilikuwa na heshima kubwa. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alipotaka kueleza ubora wa Bibi Aisha (R.A.) juu ya wanawake wengine, aliufananisha na ubora wa tharid juu ya vyakula vingine. Tazama basi, mfano ule ulichukuliwa kwenye chakula cha sahani moja, wala si kwenye karamu ya vyakula ishirini.

IBN BATTUTA ASHUKA PWANI

Mwaka 1331 msafiri maarufu kutoka Tanja, Morocco, Ibn Battuta, alifika Mogadishu, kisha Mombasa na Kilwa. Bahati nzuri alikuwa mtu wa kuandika alichokula. Anaeleza kwamba huko Mogadishu aliletewa wali uliopikwa kwa samli, ukiwa kwenye sahani kubwa ya mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na maembe.

Soma tena hiyo orodha. Wali wa samli, kitoweo juu, achari pembeni. Si ndiyo sinia ya arusi tunayoijua mpaka leo? Karibu miaka 700 imepita na sinia haijabadilika sana.

Mchele wenyewe asili yake ni Asia. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata punje zake Pemba, na zinaonyesha kwamba ulizidi kuliwa huko baada ya mwaka 1000. Ulikuja na majahazi ya pepo za kaskazi, pamoja na viungo, nguo na watu.

PILAU NA MSETO

Neno pilau tumelipata kwa njia ya Uajemi na Bara Hindi. Waajemi husema polo, Wahindi pulao, Waturuki pilav. Kokote uendako maana ni ile ile: mchele na mchuzi wake vimeiva pamoja. Pwani yetu ikaongeza yake. Karafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, ilianza kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Pia ule mchele wetu wa pishori, jina lake limetokana na mji wa Peshawar, ulioko Pakistan ya leo.

Mseto nao ni ndugu mnyonge wa pilau, lakini ukoo wake ni mkubwa. Ni mchele na pojo, ambazo sisi wa bara tunaziita ndengu, vilivyopikwa chungu kimoja mpaka vikasetana, na jina limetoka hapo hapo kwenye kuseta. Ibn Battuta huyo huyo alipofika India aliona watu wakila asubuhi mchele uliopikwa na ndengu na kutiwa samli. Akaandika kwamba wanauita kishri. Wahindi wanao mpaka leo, na Wamisri wana koshari yao ya mchele na dengu. Kwa hiyo mama wa Mombasa anayepika mseto anapika chakula kinachojulikana kutoka Delhi mpaka Cairo.

CHUNGU CHAPANDA MLIMA

Je, vyakula hivi vilifikaje huku kwenye baridi? Kwanza kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili ilikuwa ikipumzika Baringo, kule chini mashariki yetu, kutafuta chakula. Mpagazi alipimiwa posho yake kwa kibaba, na posho hiyo ilipikwa chungu kimoja na wenzake.

Kisha ikaja reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua kama 32,000 kutoka Bara Hindi kujenga njia ya Mombasa mpaka Kisumu. Walipewa posho ya mchele, unga, dengu na samli, na mchanganyiko wa posho hiyo ndio mseto wenyewe. Wanubi nao, waliokuja kama askari kutoka Sudan, walikaa Eldama Ravine na gurusa yao, mkate mwembamba unaoliwa na mchuzi, jamaa wa karibu wa tharid.

Eldoret, ambayo wazee wanaiita Sisibo kutokana na shamba nambari 64, ilipewa jina lake mwaka 1912. Reli ilifika hapo mwaka 1924, baada ya kupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na Ainabkoi. Baada ya hapo gunia la mchele liliweza kupanda behewa Mombasa na kushuka stesheni yetu.

MSETO WA AINABKOI

Huku juu kuna jambo moja la kujua. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka kabla hayajawa moto sana. Kwenye mita 2,500 yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100. Ndiyo maana ndengu zetu zinachukua muda mrefu. Dawa yake ni kuloweka.

Loweka kikombe kimoja cha ndengu baada ya Alfajiri. Baada ya Alasiri zichemshe mpaka zipasuke. Tia vikombe viwili vya mchele uliooshwa, chumvi, na tui la nazi. Nazi ikiwa ghali, tia maji na vijiko viwili vya samli. Maji yakikaribia kukauka punguza moto, funika, weka makaa machache juu ya kifuniko. Kaanga kitunguu mpaka kiwe rangi ya kahawia umwagie juu. Kula na maziwa lala na kachumbari. Tende tatu za kufungulia, basi. Kazi yenyewe ya mikono haifiki nusu saa, na hata kijana wa kiume anaiweza!

CHUNGU NA JIRANI

Jambo la mwisho. Katika Hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) kwamba akipika mchuzi aongeze maji, awakumbuke majirani. Sambusa ni za kuhesabu, lakini chungu kinaongezeka. Kwetu jirani wengi si Waislamu, na wazazi wetu waliyoyaona mwanzoni mwa 2008 wanajua thamani ya jirani mwema kuliko vitabu vinavyoweza kueleza. Bakuli la mseto linalovuka ua kabla ya Magharibi si kitu kidogo.

Mwaka jana mimi na kaka yangu tulichukua zamu ya jikoni, siku nne kila wiki, chungu kimoja. Siku ya kwanza ndengu hazikuiva na mchele uliungua chini. Mama alikula, akasema alhamdulillah, akarudi kwenye msahafu wake. Usiku wa ishirini na tisa alikhitimu. Alituita sote sebuleni tuitikie dua, na sufuria ilikuwa bado iko jikoni haijaoshwa.

Ndugu yangu, nenda ukaulize nyumbani kwenu mama yuko juzuu ya ngapi.

Wabillahi tawfiq.