Tiba asili (Rufiji na Kibiti)

Tiba asili ya wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani, hujumuisha mitishamba, makombe (aya za Kurani zinazoandikwa, kuoshwa kwa maji na kunywewa) na kupunga pepo. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa ya kuzuia risasi. Wajerumani, watawala wa wakati huo, walimnyonga huko Mohoro. Waingereza nao, walipotawala baadaye, walitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, na mganga wa kweli akatiwa kapu moja na mchawi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliwatambua waganga na kuunda baraza la kuwasajili. Hata hivyo, cheti cha usajili si kipimo cha dawa. Tunda la mkomafi, mti wa mikokoni, hutumika kutibu tumbo, lakini kiasi chake hukadiriwa kwa mkono wa mganga, na siri ya kipimo hicho ndiyo riziki yake.