Sakafu Zinazopanda: Bwaise na Asili ya Miji ya Kale

Tangu mwanaakiolojia V. Gordon Childe achapishe makala yake ya mwaka 1950 kuhusu mapinduzi ya miji, vigezo vyake kumi vimetawala mjadala: wingi wa watu, majengo makubwa ya umma, maandishi, ziada ya mazao na vinginevyo. Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, inavitimiza bila taabu. Eneo la Maziwa Makuu ya Afrika halivitimizi, basi likaachwa nje ya historia ya miji. Nashikilia kwamba kasoro iko kwenye vigezo. Vinapima mji uliokwisha kukomaa, lakini havisemi makazi hujijenga vipi. Jambo hilo Bwaise inaweza kutufundisha.

Bwaise iko bondeni, kaskazini mwa Kampala, kando ya kinamasi cha Lubigi. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya vilima vinavyoizunguka hushukia huko na kuingia majumbani. Yakikauka, mwenye nyumba humwaga kifusi ndani, hukishindilia, kisha husakafia upya. Mafuriko yakirudi, naye hurudia. Sakafu hupanda lakini bati halipandi. Mlango hufupika mpaka mtu mzima huinama kuingia, na dirisha hukaribia usawa wa magoti. Hatimaye nyumba hubomolewa na nyingine kusimama juu ya mabaki yake. Hapo chini hubaki matabaka ya kifusi, matofali, plastiki, makaa na mifupa, kila moja na wakati wake.

Çatalhöyük, nchini Uturuki, iliinuka kwa kazi ya namna hiyo. Kwa zaidi ya miaka elfu moja watu walijaza nyumba kuukuu udongo na kujenga juu yake, hata kilima kikapita mita 20. Hawakuwa na maandishi.

Tukiwa na jicho hilo, twende wilaya ya Sembabule, nchini Uganda. Mahandaki ya Bigo bya Mugenyi yana urefu wa zaidi ya kilomita 10, mengine yamechongwa mwambani. Masimulizi huyahusisha na Bachwezi, watawala wa kale wa hadithi za eneo hilo, na waandishi wa enzi ya ukoloni wakawageuza Bachwezi hao kuwa wageni weupe kutoka kaskazini. Mwanaakiolojia Merrick Posnansky alichimba hapo mwaka 1960. Lakini kwangu ushahidi mzito zaidi uko Ntusi, karibu na Bigo, palipokaliwa tangu karibu karne ya 11. Vilima vyake viwili vikubwa ni majalala: vigae vya vyungu na mifupa ya ng'ombe, mingi ikiwa ya wanyama wachanga. Anayechinja wachanga namna hiyo ana mifugo mingi na mpango wa kuitunza. Taka hizo zinathibitisha jamii kubwa ya wenyeji, bila kumhitaji mgeni yeyote.

Matabaka ya Bwaise nayo ni ushahidi wa aina hiyo. Kwa hiyo mitaro ya maji ya huko inapopanuliwa, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Makerere wawepo kuyachora na kuyapima matabaka yaliyo kwenye kuta za mashimo kabla zege halijamwagwa. Wakazi wanaweza kuwatajia mwaka wa kila tabaka, msaada ambao mchimbaji wa Uruk hawezi kuupata.