Kansa ya koo: je, hitilafu iko kwenye damu yetu?

Najua wengi mnakuja hapa kutafuta sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, msijali. Leo mnivumilie niandike juu ya jambo ambalo limenikalisha mbele ya kompyuta wiki mbili bila kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Mwaka jana tulimzika mjomba wangu, kaka yake mama. Aliishi nasi hapa Umoja miaka mingi akifanya kazi Industrial Area, lakini kwao ni Bomet na huko ndiko amelala. Ilianza na ugali kumkwama. Kituo kimoja cha afya kikampa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi kadhaa. Alipokuja kufanyiwa endoskopi, yaani kuingizwa mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni, hata uji ulikuwa haupiti. Saratani ya umio, ile sisi tunaita kansa ya koo. Babu naye, wazee wanasema, aliondoka kwa "koo".

Baada ya matanga mama akaniuliza: "Wewe umesoma kompyuta, hebu angalia huko kwa intaneti. Hii kitu iko kwa damu yetu?" Mdogo wangu naye alikuwa ameshaanza kuweka pesa kando atume mate yake ng'ambo apimwe DNA. Nikaahidi kuwajibu. Swali lao nimekuta lina zaidi ya miaka 50.

Kwanza kabisa, ramani

Miaka ya 1960, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda, alikuwa akikusanya taarifa za saratani kutoka hospitali za Afrika Mashariki. Hakuwa na kompyuta wala GPS. Mwenzake Peter Cook aliendelea na kazi hiyo, na mwaka 1969 Ahmed na Cook wakachapisha katika British Journal of Cancer takwimu za saratani ya umio magharibi mwa Kenya. Mwaka 1971 Cook akatoa picha ya Afrika nzima. Kilichomshangaza ni jinsi ugonjwa ulivyokuwa mwingi mahali pamoja na haba mahali pengine pasipo mbali. Akashuku pombe za kienyeji zinazotengenezwa kwa mahindi.

Leo eneo hilo lote, kutoka Ethiopia kupitia kwetu hadi Afrika Kusini, wataalamu wanaliita ukanda wa saratani ya umio. Makadirio ya GLOBOCAN ya mwaka 2018 yaliiweka kuwa saratani iliyoua Wakenya wengi kuliko nyingine zote: vifo 4,351.

Fikiria kama programa. Programu ileile ikianguka kwenye seva za chumba kimoja tu, unashuku mazingira ya chumba hicho kabla ya kushuku msimbo. Ndivyo Cook alivyofikiri.

Halafu Bomet ikavuruga hesabu

Mwaka 2002 madaktari wa hospitali ya Tenwek, Bomet, waliandika katika Lancet kwamba wanaona ugonjwa huu kwa vijana. Mwaka 2010 wakatoa orodha ya wagonjwa 109 wenye umri wa miaka 30 au chini, waliogunduliwa kati ya 1996 na 2009. Mdogo kabisa alikuwa na miaka 14. Mtoto wa miaka 14 hajanywa pombe wala kuvuta sigara kwa miongo mitatu! Hapo swali la damu likarudi kwa nguvu.

Na si swali la kijinga. Kuna ugonjwa adimu uitwao tylosis, ambapo ngozi ya viganja na nyayo huwa nene na hatari ya saratani ya umio hupanda sana. Ulielezwa katika familia za Liverpool mwaka 1958, na mwaka 2012 jeni yenyewe ikapatikana: RHBDF2. Hapo kweli hitilafu ni moja na inarithiwa. Lakini familia za namna hiyo ni chache mno duniani. Viganja vya mjomba vilikuwa na sugu za kazi tu.

Kwa watu wa kawaida hadithi ni tofauti. Mwaka 2010 uchunguzi mkubwa China ulipata tofauti karibu na jeni PLCE1 inayoongeza hatari kidogo tu. Mwaka 2023 watafiti wa Waafrika Kusini weusi walipata nyingine, katika jeni FAM120A. Yaani urithi upo, lakini ni vipande vidogo vidogo, na vya Wachina si lazima viwe vyetu. Kumbuka hilo kabla ya kutuma mate ng'ambo.

Kusoma logi za uvimbe

Sasa tutenganishe vitu viwili. Kuna msimbo uliozaliwa nao, ulio katika kila seli yako. Na kuna mabadiliko yaliyotokea baadaye ndani ya seli za uvimbe peke yake. Hayo ya pili hayarithiwi, lakini yanaacha alama kama logi za seva: sigara ina alama yake, pombe ina yake.

Mwaka 2021 timu ya kimataifa ilisoma jenomu nzima za uvimbe 552 kutoka nchi nane, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi. Walitarajia logi za kwetu zionyeshe mkosaji wa kwetu. Hazikuonyesha! Uvimbe wa hapa ulifanana sana na wa kwingine. Kwa hiyo kinachotuumiza huenda hakiandiki kwenye DNA moja kwa moja. Huenda kinachubua umio siku baada ya siku.

Hapo chai inaingia. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Mwaka 2019 utafiti uliofanyiwa Eldoret ukaonyesha kwamba wanaokunywa vikiwa moto sana wana hatari kubwa zaidi. Nani asiyemkumbuka mjomba akilalamika chai imepoa, na sisi bado tunapuliza? Familia hurithishana jeni, lakini pia hurithishana birika, jiko la kuni na mazoea. Kwa macho ya mama, vyote vinaonekana ni damu.

Inamsaidia nini mgonjwa?

Jeni zimesaidia hasa upande wa uvimbe. Mwaka 2017 uchambuzi wa uvimbe 164 ulionyesha kwamba aina mbili kuu za saratani ya umio ni kama magonjwa mawili tofauti. Yetu hapa nyingi ni ya seli bapa, kwa hiyo dawa iliyolenga ile nyingine haitufai tu kwa sababu jina ni moja. Siku hizi kuna dawa za kinga kama nivolumab na pembrolizumab, na protini ya PD-L1 kwenye uvimbe husaidia kuamua nani atafaidika. Bei yake ni jambo jingine.

Lakini Bomet kuna kazi isiyohitaji jenomu. Tenwek huweka mirija ya chuma inayofungua umio ili mgonjwa ale tena. Na mwaka 2016 walichapisha matokeo ya kupima watu 305 wasio na dalili yoyote kwa endoskopi na rangi ya iodini: karibu 14 kati ya kila 100 walikuwa na mabadiliko ya mwanzo. Hayo yanaweza kuondolewa kabla hayajawa saratani.

Basi mama, jibu langu ni hili. Damu yetu haina laana. Huenda ina kipande kidogo, lakini hakuna kipimo cha mate kitakachokuambia nani atafuata. Mdogo wangu, hizo pesa ziweke za endoskopi. Nawe msomaji, chakula kikianza kukukwama au kukwama kwa mtu wako, usikubali dawa za vidonda miezi mitatu. Sema wazi: nataka kuangaliwa kwa kamera. Sisi tulichelewa kulisema.

Na chai, iache ipoe kidogo.

Hifadhidata wiki ijayo, nikijaliwa.