Savo Milošević: Mshambuliaji mmoja, nchi yenye majina matatu

Savo Milošević aliichezea timu yake ya taifa kuanzia mwaka 1994 hadi 2008. Katika kipindi hicho alicheza mechi 102 na kufunga mabao 37. Hakuwahi kuhamia timu ya taifa nyingine, lakini nchi aliyoiwakilisha ilibadili jina mara mbili: alianza akiwa mchezaji wa Jamhuri ya Shirikisho la Yugoslavia, akaendelea na Serbia na Montenegro, na akastaafu akiwa amevaa jezi ya Serbia. Katika ngazi ya klabu alizichezea timu za Serbia, Uingereza, Uhispania, Italia na Urusi. Ni wachezaji wachache ambao maisha yao ya soka yanaweza kusomwa sambamba na historia ya kusambaratika kwa Yugoslavia kama yalivyo ya kwake.

Kuzaliwa Bijeljina, kukulia kisoka Belgrade

Milošević alizaliwa tarehe 2 Septemba 1973 katika mji wa Bijeljina, kaskazini mashariki mwa Bosnia na Herzegovina, karibu na mpaka wa Serbia. Wakati huo mpaka huo ulikuwa mstari wa kiutawala tu ndani ya Yugoslavia ya kisoshalisti. Akiwa na umri wa miaka 18 mstari huo uligeuka kuwa mpaka wa kimataifa, na mji wake wa kuzaliwa ukawa miongoni mwa miji ya kwanza kukumbwa na vita vya Bosnia, pale wanamgambo wa Kiserbia walipoutwaa mwanzoni mwa Aprili 1992 na kuwaua raia, wengi wao wakiwa Waislamu.

Kijana huyo alikuwa tayari mjini Belgrade, akilelewa kisoka na klabu ya Partizan. Alipandishwa kwenye kikosi cha kwanza mwaka 1992, mwaka mbaya kwa mwanasoka yeyote wa nchi hiyo. Mwezi Mei, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiwekea Yugoslavia vikwazo vilivyohusisha pia michezo. Timu ya taifa, iliyokuwa imekwishafuzu, iliondolewa kwenye mashindano ya Kombe la Mataifa ya Ulaya nchini Sweden siku chache kabla hayajaanza. Nafasi yake ilipewa Denmark, ambayo iliishangaza dunia kwa kulitwaa kombe hilo.

Kwa klabu za Belgrade, vikwazo vilimaanisha kufungiwa nje ya mashindano yote ya Ulaya. Mahasimu wa Partizan, Red Star, walikuwa wametawazwa mabingwa wa Ulaya mwaka 1991 tu. Sasa kizazi kipya kilicheza ligi ya ndani ambayo ni watu wachache nje ya nchi walioitazama. Ndani ya ligi hiyo iliyofungiwa, Milošević alitwaa ubingwa na Partizan mwaka 1993 na 1994, na akawa mfungaji bora kwa misimu miwili mfululizo. Katika msimu wa 1994/95 alifunga mabao 30.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1994 vikwazo vya michezo vilipositishwa. Mwezi Desemba Yugoslavia ilicheza mechi yake ya kwanza baada ya zaidi ya miaka miwili ya kutengwa, ugenini dhidi ya mabingwa wa dunia Brazil. Enzi ya Milošević katika timu ya taifa ilianzia hapo, akiwa na umri wa miaka 21.

Birmingham: bao la Wembley na jina la kebehi

Katika kiangazi cha 1995 klabu ya Aston Villa ya Birmingham ilimnunua kwa pauni milioni 3.5. Kocha Brian Little alitaka mshambuliaji mrefu, mwenye nguvu na anayetumia mguu wa kushoto, wa kucheza pamoja na Dwight Yorke. Alichokipata kilikuwa kitendawili. Milošević alikuwa na ustadi wa kuumiliki mpira na kuwachezesha wenzake, lakini nafasi za wazi zilimponyoka mara kwa mara. Mashabiki wa Uingereza wakaligeuza jina lake la ukoo kuwa mchezo wa maneno wenye maana ya mtu anayekosa sana.

Hata hivyo, siku kubwa kuliko zote za Villa katika kipindi hicho ilifunguliwa na yeye. Tarehe 24 Machi 1996, katika fainali ya Kombe la Ligi uwanjani Wembley dhidi ya Leeds United, aliachia kombora la mguu wa kushoto kutoka mbali na kufunga bao la kwanza. Villa ilishinda kwa mabao 3-0.

Uhusiano wake na mashabiki ulivunjika Januari 1998. Villa ilipokuwa ikichapwa 5-0 na Blackburn Rovers, Milošević alitema mate kuelekea upande waliokuwa mashabiki wa timu yake mwenyewe. Klabu ilimweka sokoni, na mwishoni mwa msimu huo akaondoka Uingereza.

Zaragoza: kukubalika tena

Real Zaragoza ya Uhispania ndiyo iliyomchukua, na huko mshambuliaji aliyekebehiwa Birmingham aligeuka kuwa mmoja wa wafungaji wakubwa wa ligi. Alifunga mabao 17 katika msimu wake wa kwanza na 21 katika wa pili. Mwaka 2000 Zaragoza ilimaliza ya nne, nafasi ambayo kwa kawaida ingeipeleka kwenye Ligi ya Mabingwa. Lakini Real Madrid, iliyomaliza ya tano, ilikuwa imetawazwa bingwa wa Ulaya, na kwa kuwa Uhispania haikuruhusiwa kuingiza timu zaidi ya nne, nafasi ya Zaragoza ilichukuliwa na Madrid.

Katikati ya misimu hiyo miwili vita vilirejea nyumbani. Tarehe 24 Machi 1999 jumuiya ya kujihami ya NATO, ambayo Uhispania ni mwanachama wake, ilianza kuishambulia Yugoslavia kwa mabomu kutokana na mzozo wa Kosovo. Mashambulizi yalidumu hadi mwezi Juni. Wachezaji wa Kiserbia waliokuwa Uhispania walijikuta wakifanya kazi katika nchi ambayo ndege zake zilishiriki operesheni dhidi ya nchi yao.

Milošević alikabiliwa pia na mzigo wa jina. Rais wa Yugoslavia wakati huo alikuwa Slobodan Milošević. Wawili hao hawana undugu. Ni jina la ukoo lililoenea miongoni mwa Waserbia. Lakini katika miaka hiyo jina lililoandikwa mgongoni mwa mshambuliaji wa Zaragoza lilikuwa lilelile lililosikika kila jioni katika taarifa za habari za vita.

Soka lenyewe halikusalimika. Mechi ya kufuzu kati ya Yugoslavia na Kroatia, mataifa mawili yaliyokuwa yamepigana vita miaka michache tu nyuma, ilipangwa kuchezwa Belgrade siku tatu baada ya mabomu kuanza kudondoka. Iliahirishwa hadi Agosti, na ikaisha bila bao. Waliporudiana Zagreb mwezi Oktoba, sare ya 2-2 iliipeleka Yugoslavia kwenye fainali za Euro 2000 na kuiacha Kroatia nje.

Euro 2000: mabao matano katika mechi nne

Fainali hizo zilizoandaliwa kwa pamoja na Uholanzi na Ubelgiji ndizo zilizompa Milošević nafasi yake katika kumbukumbu za soka la Ulaya. Katika mechi ya kwanza mjini Charleroi, Yugoslavia ilikutana na Slovenia, jirani iliyokuwa jamhuri mojawapo ya Yugoslavia ya zamani hadi 1991. Slovenia iliongoza 3-0, na beki Siniša Mihajlović akatolewa kwa kadi nyekundu. Wakiwa wachezaji kumi, Wayugoslavia walifunga mabao matatu ndani ya dakika sita na kusawazisha. Mawili kati ya hayo yalikuwa ya Milošević, aliyeingia akitokea benchi.

Siku tano baadaye alifunga bao pekee katika ushindi wa 1-0 dhidi ya Norway. Kisha alifunga tena dhidi ya Uhispania mjini Bruges, katika mojawapo ya mechi zinazokumbukwa zaidi katika historia ya mashindano hayo. Yugoslavia iliongoza mara tatu na ilikuwa mbele kwa 3-2 muda wa kawaida ulipomalizika, lakini Uhispania ilifunga mara mbili katika dakika za nyongeza na kushinda 4-3. Timu zote mbili zilisonga mbele.

Safari iliishia Rotterdam, ambako Uholanzi iliitandika Yugoslavia 6-1 katika robo fainali. Bao hilo moja la kufutia machozi, lililopatikana mwishoni kabisa, lilikuwa la Milošević. Lilikuwa bao lake la tano, na lilimfanya agawane tuzo ya mfungaji bora na Patrick Kluivert wa Uholanzi, ambaye alicheza mechi moja zaidi.

Parma na miaka ya mikopo

Baada ya mashindano hayo Parma ya Italia ilimsajili kwa ada kubwa. Klabu hiyo ilikuwa imemuuza Hernán Crespo kwa Lazio, na pengo lake lilihitaji kuzibwa. Milošević hakuweza kuliziba. Mapema mwaka 2002 alirudishwa Zaragoza kwa mkopo, na mwisho wa msimu huo timu ikashuka daraja. Akaenda Espanyol kwa mkopo mwingine, kisha Celta Vigo. Msimu wake huko Celta, wa 2003/04, ulikuwa wa ajabu: timu ilifika hatua ya 16 bora ya Ligi ya Mabingwa, na katika msimu huohuo ikashuka daraja nyumbani.

Utulivu aliupata Pamplona, katika klabu ya Osasuna, alikojiunga mwaka 2004. Ni klabu yenye bajeti ndogo, lakini miaka mitatu ya Milošević iliangukia katika kipindi chake bora. Mwaka 2005 ilifika fainali ya Kombe la Mfalme kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikafungwa na Real Betis baada ya muda wa ziada. Mwaka 2006 ilimaliza ya nne katika ligi, na mwaka 2007 ikafika nusu fainali ya Kombe la UEFA.

Timu ya nchi isiyokuwepo

Februari 2003 jina la Yugoslavia lilifutwa rasmi na mahali pake pakachukuliwa na muungano uliolegea wa Serbia na Montenegro. Timu ya taifa ya muungano huo ilifuzu kwa Kombe la Dunia la 2006 kwa kishindo: iliongoza kundi lililokuwa na Uhispania, na katika mechi kumi iliruhusu bao moja tu. Nahodha alikuwa Milošević.

Kabla timu haijafika Ujerumani, nchi yake ilikuwa imekwisha. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Mei 2006, asilimia 55.5 ya wapiga kura wa Montenegro walichagua kujitenga, na uhuru ukatangazwa tarehe 3 Juni. Siku nane baadaye wachezaji waliingia uwanjani mjini Leipzig kupambana na Uholanzi wakiwa wamevaa nembo ya dola lililokwishavunjika.

Matokeo yalikuwa mabaya. Walifungwa 1-0 na Uholanzi, kisha wakapokea kipigo cha 6-0 kutoka kwa Argentina. Katika mechi ya mwisho mjini Munich waliongoza 2-0 dhidi ya Ivory Coast, lakini Waafrika hao waligeuza matokeo na kushinda 3-2, ushindi wao wa kwanza kabisa katika fainali za Kombe la Dunia. Mechi hiyo ndiyo ya mwisho kuchezwa chini ya jina la Serbia na Montenegro.

Kwa Milošević binafsi, mwaka huo ulikuwa na alama nyingine: alifikisha mechi 100 za kimataifa, akiwa mchezaji wa kwanza kufanya hivyo katika orodha inayojumuisha Yugoslavia na warithi wake. Kabla yake rekodi ilikuwa ya winga mashuhuri Dragan Džajić, aliyecheza mechi 85.

Kazan na kuaga

Mwaka 2008, akiwa na miaka 34, alijiunga na Rubin Kazan, klabu ya mji mkuu wa Tatarstan kwenye Mto Volga, ambayo ilikuwa imepanda ligi kuu ya Urusi miaka mitano tu kabla. Chini ya kocha Kurban Berdyev, Rubin ilitwaa ubingwa wa Urusi kwa mara ya kwanza. Ubingwa ulithibitishwa tarehe 2 Novemba kwa ushindi wa 2-1 dhidi ya Saturn, na bao la ushindi lililopatikana mwishoni mwa mchezo lilikuwa la Milošević.

Siku 17 baadaye alicheza mechi yake ya kuaga timu ya taifa mjini Belgrade, sasa ikiitwa Serbia. Wapinzani walikuwa Bulgaria, nao walilala kwa 6-1. Milošević hakumaliza hata kipindi cha kwanza, lakini katika muda huo mfupi alifunga mabao mawili na kukosa mikwaju miwili ya penalti.

Baadaye aligeukia ukocha. Mwaka 2019 aliiongoza Partizan kutwaa Kombe la Serbia kwa kuifunga Red Star 1-0 katika fainali, na mwaka 2021 aliifundisha Olimpija Ljubljana ya Slovenia.

Rekodi zake za timu ya taifa zimekwishapitwa. Dejan Stanković alimaliza na mechi 103, kisha wakaja Branislav Ivanović na Dušan Tadić. Katika mabao, Aleksandar Mitrović amemwacha mbali. Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, huitambua Serbia kuwa mrithi wa timu za Yugoslavia na za Serbia na Montenegro. Kwa sababu hiyo mechi 102 za Milošević huhesabiwa katika orodha moja, ingawa bendera alizozichezea zilikuwa tofauti na Bijeljina, mji alikozaliwa, leo umo katika nchi nyingine.