Ala ni Mali ya Nani? Historia ya Magitaa ya Besi na Vinasa Sauti Vilivyotumika

Kinole ni mahali mashuhuri katika historia ya Waluguru. Hapo, katika mitelemko ya mashariki ya milima ya Uluguru, ndipo yalipo makao ya Kingalu, mtawala ambaye jina lake limerithiwa kizazi baada ya kizazi kwa kufuata upande wa mama, na ambaye tangu kale alisifika kwa mambo ya mvua. Kinole pia ni mahali pa biashara. Ndizi, mananasi, machungwa, mdalasini na pilipili manga hushuka kutoka huko hadi Morogoro mjini, na fedha zake hupanda mlimani pamoja na chumvi, nguo, mafuta ya taa na redio. Kwa hiyo mtu wa Kinole hahitaji kufundishwa maana ya kununua na kuuza. Analijua pia swali lililo kubwa kuliko bei, nalo ni hili: kitu hiki, hasa, ni mali ya nani?

Katika makala haya tunakusudia kuliuliza swali hilo juu ya vitu ambavyo kwa kawaida havitajwi katika vitabu vya historia, yaani magitaa ya besi, vikuza sauti na vinasa sauti vilivyokwisha kutumika. Msomaji anaweza kushangaa. Atasema kwamba historia ya muziki wetu ni historia ya watunzi na waimbaji, wala si ya vyuma na mbao. Sisi tunaona kwamba bila kujua ala zilitoka wapi, zilinunuliwa na nani na ziliuzwa kwa nani, hatuwezi kueleza kwa nini bendi zetu zilizaliwa, zikagawanyika na kufa kama zilivyofanya.

Hebu tuanze na ngoma. Ngoma ya kijijini hutengenezwa kwa mti na ngozi. Ngozi ikipasuka, fundi yupo, mti upo na mnyama yupo. Wiki haipiti ngoma ikalia tena. Gitaa la besi ni kitu kingine. Nyuzi zake 4 ni za chuma, tena zimezungushiwa waya mwingine mwembamba, na ule ulio mnene kuliko wote hutetemeka kiasi cha mara 41 tu kwa sekunde, na ndiyo maana sauti yake husikika tumboni kama inavyosikika sikioni. Uzi wa namna hiyo haufumwi Kinole, wala haukufumwa Dar es Salaam. Ukikatika, hapana budi kupatikana fedha za kigeni. Basi siku gitaa la umeme lilipoingia katika muziki wetu, muziki huo ulifungwa kwa uzi mmoja na soko la dunia.

Gitaa la besi la umeme ni kitu kipya. Aina iliyoenea duniani kote ilianza kuuzwa mwaka 1951 na Leo Fender, fundi wa California, Marekani. Kabla ya hapo kazi ya besi ilifanywa na zeze kubwa la kusimama, na huko Kuba ilifanywa vilevile na marímbula, yaani sanduku kubwa lenye vipande vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole, ambalo asili yake ni Afrika. Muziki wa Kuba ulitufikia kwa njia ya biashara. Tangu mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri zilizojulikana kwa herufi GV, zikauzwa katika miji ya Afrika. Vijana wetu walizisikiliza katika gramafoni, wakazipenda, wakaanza kuiga. Hivyo kitu kilichovuka bahari kama mdundo wa watumwa kilirudi kama bidhaa ya dukani.

Mji wa Morogoro uliupokea muziki huo mapema kuliko miji mingi. Bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Baada yake Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928, aliongoza Cuban Marimba, ambayo santuri zake zilitolewa Mombasa kwa chapa ya Mzuri. Kwa miaka mingi bendi hizo mbili zilishindana, na wakazi wa mji wakagawanyika katika mapenzi yao. Salum Abdallah alipofariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari, Juma Kilaza aliiongoza Cuban Marimba. Upande wa pili aliinuka Mbaraka Mwinshehe, mpigaji wa gitaa la solo, ambaye mwaka 1970 alikwenda pamoja na Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, kuliwakilisha taifa katika maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 aliiacha bendi hiyo, akaunda Super Volcano, na mwezi wa Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa.

Tukitazama historia hiyo kwa makini tunaona kwamba nyuma ya kila bendi palikuwa na mwenye ala. Magitaa matatu au manne, vikuza sauti, spika, mikrofoni, tumba na matarumbeta vilikuwa mzigo usiobebeka kwa mfuko wa mpigaji mmoja. Mwenye kuvinunua alikuwa mfanyabiashara, au klabu, au baada ya Uhuru, chombo cha umma. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kiliunda NUTA Jazz. Mwaka 1971 Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Vijana Jazz. Jeshi, polisi na mashirika nayo yakaunda bendi zao. Serikali, ambayo tangu mwaka 1962 ilikuwa na wizara ya utamaduni wa taifa, iliona kwamba muziki ni sehemu ya ujenzi wa nchi, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma.

Utaratibu huo ulikuwa na faida ambazo si haki kuzisahau. Mwanamuziki alipata mshahara kila mwezi hata kama mvua ilinyesha siku ya dansi. Hakuwa tena mtu wa kudharauliwa mitaani, bali mfanyakazi miongoni mwa wafanyakazi. Lakini wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Mpigaji alikabidhiwa gitaa jioni na kulirudisha usiku. Akigombana na uongozi, aliondoka na vidole vyake na nyimbo zake kichwani. Gitaa lilibaki stoo. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya teksi na usafirishaji, na mwaka 1983 ikahamia kwa shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ikaitwa DDC Mlimani Park. Bendi ikawa imebadilishwa mwenyewe, kama nyumba inavyobadilishwa mwenyewe na wapangaji wakiwa ndani. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1985, mfanyabiashara Hugo Kisima aliwavuta baadhi ya wanamuziki wake mashuhuri, akiwamo Muhidini Gurumo, waende kwenye bendi yake ya Orchestra Safari Sound. Mwenye ala mpya alikuwa na nguvu ya kuwavuta wasio na ala.

Hata hivyo, haikuwa lazima mambo yawe hivyo siku zote. Orchestra Maquis, iliyotoka Zaire na kufika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliendeshwa na wanamuziki wenyewe kama kampuni yao ya pamoja. Mfano huo unatuonyesha kwamba ushirika wa wenye kazi uliwezekana hata katika dansi.

Sasa tuje kwenye vinasa sauti. Muziki usionaswa hufa na usiku wake. Kwa miaka mingi mwenye mitambo ya kunasia muziki nchini alikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliitwa studio, ikapiga wimbo wote kwa mkupuo mmoja, waimbaji na wapigaji kwa pamoja, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Tepu zilizonaswa zilikuwa mali ya redio, na wanamuziki walipewa ujira mdogo. Kwa upande mmoja, tepu hizo ni hazina kubwa ya taifa, kwa sababu bila hizo sauti nyingi zingepotea kabisa. Kwa upande mwingine, nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na aliyetaka santuri ilibidi asafiri Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka baina ya Tanzania na Kenya ulifungwa, nao ulifunguliwa tena mwaka 1983. Kwa miaka hiyo yote njia ya kuelekea viwandani ilikuwa ngumu mno.

Miaka hiyohiyo ilikuwa ya dhiki ya fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipanda, vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 viligharimu mali nyingi, na hata vipuri vya malori vilikuwa adimu. Nani angetenga fedha kwa ajili ya nyuzi za besi? Katika hali ya namna hiyo ndipo kitu kilichotumika hupata thamani mpya. Gitaa ambalo kwingine lingetupwa, hapa lilitengenezwa. Seremala aliunga shingo iliyovunjika, na fundi redio akawa daktari wa vikuza sauti. Baada ya mwaka 1984, Serikali ilipowaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, vyombo vilivyotumika vilianza kuingia kwa wepesi zaidi.

Kwa kuwa vijana wengi wa shule hutamani kununua vyombo hivi, ni vema tueleze namna ya kuvitambua. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnunuzi wa besi na alinyanyue gitaa mpaka usawa wa jicho, atazame shingo kama mtu atazamavyo mshale. Ikiwa imepinda sana, nyuzi zitakuwa juu na vidole vitaumia. Na apige kila uzi katika kila kituo, asikilize kama unakwaruza. Sumaku zilizo chini ya nyuzi hazina budi kutoa sauti sawa kwa nyuzi zote. Nyuzi zilizofubaa huweza kuchemshwa katika maji ili mafuta na uchafu vitoke, zikarudi kung'aa kwa muda. Kikuza sauti kilichotengenezwa kwa umeme wa volti 110 wa Marekani kitaungua kikichomekwa katika umeme wetu wa volti 230 bila transfoma. Na besi haifai kupigwa kwa nguvu katika spika ndogo ya gitaa la solo, maana karatasi ya spika itachanika. Kwa kinasa sauti cha tepu, atazame kichwa kinachosoma tepu; kikiwa na mfereji kimelika, na sauti nyembamba zitapotea. Kisha aandikishe hati ya mauziano, kwani mali bila daftari huisha bila habari, na chombo kisicho na hati huweza kuwa ni cha wizi.

Lakini kununua vema si mwisho wa jambo. Turudi Kinole. Katika desturi ya Waluguru ardhi ilikuwa mali ya ukoo wa mama. Mtu alilima, alivuna na kula, lakini hakuwa na ruhusa ya kuiuza. Mgeni aliyepewa shamba alitoa ngoto, yaani kitu cha kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Ila mti ulikuwa na sheria yake: aliyeupanda ndiye mwenye mti, na kwa sababu hiyo mtu aliyeazimwa shamba alikatazwa kupanda miti ya kudumu, isije ikawa kesi baadaye. Wazee walikuwa wamekwisha kutambua kwamba yawezekana ardhi ikawa ya huyu na mti ukawa wa yule, na wote wawili wakawa na haki.

Sisi tunaona kwamba desturi hiyo inaweza kuutatua mgogoro wa bendi zetu. Ala ni kama ardhi: yafaa ziwe za ukoo, yaani za bendi, za shule au za kijiji, zisiuzwe na mtu mmoja kwa shida yake ya siku moja. Wimbo ni kama mti: ni wa aliyeupanda, hata kama aliupanda katika shamba la mwingine, kwa gitaa la kuazima na katika studio isiyokuwa yake. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda kinyume. Mwenye shamba alichukua mti pia, na mpanzi akaondoka mikono mitupu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwa hatua muhimu ya kulirekebisha jambo hilo, lakini sheria haimfai asiyeijua.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wafanye mambo mawili. Kwanza, shule yenye gitaa moja kuukuu ilitunze kwa daftari: lilinunuliwa lini, kwa nani, kwa bei gani, na nani alilitengeneza. Daftari hilo ni historia ya taifa. Pili, mwanafunzi anapotunga wimbo, jina lake na tarehe viandikwe siku hiyohiyo, kabla ya makofi. Gitaa litachakaa na kuuzwa tena, nalo litalia katika mikono ya watu wengine. Hilo si baya. Baya ni mti kukua na kuzaa matunda, na aliyeupanda asijulikane.