Makaburi ya Likasi: usitafute jina la baba tu

Swali hili linarudi kila mara: babu yetu alikufa Likasi, alikuwa mtu wa Union Minière, tukifika makaburini tutafute jina gani? Wanaouliza ni hasa jamaa za wale waliofukuzwa hapa mwaka 1992 na 1993, waliolala miezi penye kituo cha treni wakingoja mabehewa ya kwenda Kasai. Walikuwa maelfu. Wengi walifia pale pale, hasa watoto. Waliofaulu kupanda waliacha nyumba, na makaratasi yakabaki ndani. Leo wajukuu wameshika jina moja tu.

Kosa la kwanza ni kutafuta kama Wazungu. Kwao jina la baba linashuka kwa mtoto, na mtoto wake, na kuendelea. Kwa wazee wetu, kila mtoto alipewa jina lake: la babu, la shangazi, ao la jambo lililotokea siku ile. Kazadi anaweza kumzaa Mutombo, na Mutombo akamzaa Kazadi mwingine. Basi mbele ya daftari la waliozikwa, jina la baba linaweza kukupoteza, nalo jina lako mwenyewe likakufikisha. Uliza nyumbani: mimi ni wajina wa nani?

Majina ya mapacha nayo yanasema kitu. Kwa Waluba wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga. Kwa Waluba wa Katanga ni Kyungu na Kabange. Ukimkuta Kabanga, tafuta Mbuyi aliyemtangulia, isipokuwa kama alipewa jina hilo kwa heshima ya mzee fulani. Hapo utarudi tena kwa wajina.

Halafu kuna kalamu ya karani. Aliandika alivyosikia. Ngoy, Ngoyi na Ngoie wanaweza kuwa mtu mmoja. Chibangu na Tshibangu vilevile. Soma daftari kwa sauti, sikio litakusaidia kuliko macho. Mimi mwenyewe nilipita juu ya jina la babu yangu mara mbili, juu nilikuwa natafuta "y" nao waliandika "ie".

Angalia na miaka. Karatasi ya kati ya 1931 na 1966 itasema Jadotville, si Likasi. Ikitaja Luluabourg, ni Kananga. Bakwanga ni Mbuji-Mayi. Albertville ni Kalemie. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo, na hali hiyo ilidumu mpaka mabadiliko ya 1990. Kwa hiyo Joseph wa cheti cha ubatizo anaweza kulala chini ya msalaba usio na Joseph, na jina la pili ambalo watoto wake wa kwanza hawakulijua. Ni mtu yule yule.

Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilileta watu kutoka Kasai, Lomami, Maniema, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini. Mwanzoni walikuja wanaume peke yao, kwa mkataba mfupi. Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikaanza kuwaacha wakae kambini na wake na watoto. Ndiyo maana jamaa nyingi za hapa hesabu yao inaanzia wakati huo. Kila mfanyakazi alikuwa na namba yake. Kama nyumbani kuna karatasi ya zamani yenye namba hiyo, njoo nayo: jina linaandikwa namna tatu, namba haiandikwi namna tatu.

Mlinzi wa makaburi ni wa kwanza kuulizwa, lakini usiishie kwake. Komine ni nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, na ruhusa ya kuzika inatoka serikalini. Parokia za Kikatoliki zinaandika vitabu vya wafu na vya ubatizo. Cha ubatizo mimi nakipenda zaidi, kwa sababu kinataja wazazi na wasimamizi. Omba kwa upole, makaratasi hayo ni mazee na mchwa wameyaonja.

Kuhusu waliofia kituoni, msitegemee daftari peke yake. Bado wako mama waliokuwa pale, wa Kikula na wa Mwene-Ditu, wanaokumbuka nani alizikwa karibu na nani. Waulizeni mwaka huu.